Nilichomwa sindano ya rangi macho yapigwe picha, nikarudi Shinyanga abiria wananikwepa

Habari za humu wakuu. Hili lilinipata mwenyewe, sijasimuliwa. Mwenye kubisha abishe, ila asome kwanza.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa ticha wa primary, nimepanga chumba Ngokolo, Shinyanga mjini, sina mke, wazazi wako Ushetu kwenye tumbaku. Sukari ilishanianza. Jicho la kushoto likawa linaona madoa, mistari ubaoni inapinda.

Nikapewa rufaa Dar. Nikapanda treni peke yangu.

Hospitali, kila mgonjwa kwenye benchi ana mtu wake. Mimi nina begi.

Nesi, mama mtu mzima, alinihoji kabla ya kugusa sindano.

"Una pumu? Kuna dawa au chakula kinakudhuru?"

"Hapana, mama."

"Umekuja na nani?"

"Niko mwenyewe."

Akanitazama. "Basi leo mimi ndiye ndugu yako. Ukiwashwa, koo likibana, au mkono ukiungua palipochomwa, sema hapo hapo. Usijikaze."

Wakanitia matone, mboni zikapanuka. Nikaegemeza kidevu kwenye mashine, rangi ikaingizwa kwenye mshipa wa mkono.

Kwa wasiojua: ile rangi inakimbia na damu mpaka nyuma ya jicho, kamera inaonyesha mishipa inayovuja. Mwanga wa bluu, pa! pa! pa!

Kichefuchefu kikapanda, nikavuta pumzi taratibu, kikapita. Mara shingo ikaanza kuwasha.

Wakuu, nilitaka kunyamaza. Nimetoka mbali, nilihofia picha zisipopatikana nitaambiwa nirudi tena.

Nikasema, "Mama, nawashwa."

Kamera ikasimama palepale. Trei ya dawa ilikuwa tayari pembeni. Nikachomwa sindano nyingine ya kutuliza mwasho, nikapimwa presha, na yule mama akakaa nami mpaka vipele vilivyonitoka shingoni vikalala. Bahati nzuri picha zilizokwisha kupigwa zilitosha. Mishipa ilikuwa inavuja kweli.

"Ngozi itakuwa ya manjano, na mkojo pia," akaniambia. "Usiogope, itaisha yenyewe."

Mimi sikuogopa. Walioogopa ni abiria.

Nilipanda treni siku ileile. Jamaa mmoja akaniangalia, akapaza sauti, "Huyu ana homa ya manjano!" Mama mmoja akamvuta mwanaye. Nikaeleza habari ya sindano, nani aelewe? Watu wanasimama kwenye korido, siti ya pembeni yangu iko tupu. Safari nzima hakuna aliyeniuliza hata "mhola?", ile salamu yetu Wasukuma tunayompa hata tusiyemjua.

Nikafika Ngokolo, nikabisha hodi mlangoni kwangu mwenyewe. Sijui nilitegemea nani aitike.

Jicho la kushoto lilififia polepole. La kulia nimelilinda kwa kubana sukari, ndilo ninaloandikia hapa.

Nilichojifunza: taja aleji zako zote, ukisikia chochote sema, na usimwache mgonjwa wako aende peke yake.

Miaka ilipita, dada yangu naye akaandikiwa kipimo hicho. Nilienda naye. Nikamshika mkono ule usio na sindano mpaka mwanga ukazimika.

Waliopitia kipimo hiki, nyie mlikaa na nani? Semeni, nasoma comment zote.