Upande wa Pili wa Bati

Hakuna fundi mtaa wa Tuwan, hapa Kitale, anayekunja bati kama mimi. Nasema bila aibu, kwa sababu waliokuja kushindana nami wengi wao leo wanauza mitumba. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, na sasa watu waliosoma wananiletea mashine zao za kupukuchua mahindi wakiniita injinia. Karai zangu ziko Endebess, matangi yangu yako mpaka Chwele. Yote nimejifunza kwa macho na vidole, na vidole vyenyewe kimoja kimebaki nusu.

Lakini bati lina tabia yake. Bati zima halikunjwi na mtu mmoja. Ukilikanyaga huku linainuka kule, halafu linakuchapa kifuani. Lazima kuwe na mtu upande wa pili, na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mke wangu. Alikuwa anafunga leso kiunoni, anavaa gamboti zangu kuukuu, anashika. Hakuangalia mikono yangu. Aliangalia bega. Akiona bega langu linashuka, naye anashusha. Hatukuwa tunasemezana, mpaka majirani wakadhani tumekosana.

Sasa yuko Ghuba, huko Uarabuni, anapika na kufua katika nyumba ya watu wengine. Tulipatana aende mkataba mmoja tu, tumalize nyumba yetu Chwele. Mkataba ukaisha, akaongeza mwingine. Mahali alipokuwa akisimama nikachomelea klampu: vyuma viwili vinene na skrubu ya jeki ya lori. Inashika vizuri kuliko binadamu. Mafundi wote wa Tuwan wamekuja kuitazama. Kitu kimoja tu, haijui bega langu.

Nyumba yenyewe imefika kwa linta, juu ya madirisha, ikasimama. Nikienda Chwele siku ya soko kuuza karai, napita kuiona. Mara ya mwisho nilikuta nyasi imepanda madirishani. Kaka ya mke wangu anauza mbuzi pale sokoni, na hajawahi kuniacha nipite hivi hivi.

"Shemeji," aliniambia mbele ya wateja wake, "nikuulize. Wewe ulioa dada yetu ama ulimtuma dukani?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikamwambia mbuzi wake amekonda kama yeye. Lakini njia yote ya kurudi Kitale lile swali lilikuwa limekaa na mimi, kwa sababu mke wangu alikuwa ameniambia tajiri wake anataka jibu kabla ya mwezi kuisha, kama anaongeza tena au anarudi. Maneno ya kumwambia rudi nilikuwa nayo. Nilichokosa ni kitu cha kuweka chini ya maneno hayo, kama vile unavyoweka jiwe chini ya gurudumu.

Ndipo akaja mchimbaji mmoja kutoka upande wa Pokot, mwanamume mrefu, viatu vyote mchanga. Akanionyesha picha kwenye simu.

"Fundi, unaweza hii?"

"Hiyo ni nini, kitanda cha mtoto?"

"Sanduku la kuosha mchanga. Unaliinamisha mtoni, maji yanapita juu, mchanga unaenda, dhahabu inabaki chini kwa sababu ni nzito."

Nikaangalia ile picha, nikamwambia mtu aliyetengeneza hilo sanduku hakuwa na mkono. Tukaelewana: nimtengenezee moja, nami nitengeneze langu, halafu aniruhusu kuosha mahali pake mtoni.

Nilitengeneza kitu. Mbao za pembeni saipresi kavu, sakafu bati ambalo ile klampu ilinishikia. Juu ya bati nikatandika zulia la mtumba lenye nyuzi ndefu, kwa sababu dhahabu ni kama chawa, inapenda kujificha kwa nywele. Juu ya zulia nikafunga ngazi za chuma chembamba, kila moja imelala kidogo, maji yakigonga yanajikunja nyuma yake. Kichwani nikaweka karai nililotoboa matundu kwa msumari, la kuzuia mawe. Miguu inapanda na kushuka. Nikipita nyuma ya sanduku langu nilikuwa naona kama liko hai. Mwishoni nikafanya kama mtu yeyote wa Kitale anavyofanya kwa mbao, awe anajenga boma la ng'ombe au choo: nikalipaka oili chafu ya gari, mchwa wasile. Na bati nikalipaka pia, lisishike kutu. Likang'aa.

Mtoni nilikuta akina mama wanaosha kwa karai, wamechutama ndani ya maji. Nikafunga sanduku langu, nikaanza kumwaga mchanga. Baada ya muda nikaona wale akina mama wanahama mmoja mmoja, wanakuja kukaa chini yangu, pale maji yalipokuwa yanatoka kwenye sanduku. Nikajua wamekuja kutazama ufundi. Nikaanza hata kuwaeleza kwa sauti kazi ya zile ngazi.

Mchana nikatoa zulia, nikalisuuza kwa beseni. Mchanga mweusi tu. Nikasuuza tena. Hakuna.

Mama mmoja, mkubwa wao, akapanda mpaka nilipo. Akapitisha kidole kwenye ubao, akakinusa.

"Baba, hii umepaka nini?"

"Oili. Ya mchwa."

"Mchwa wanakaa kwa maji?"

Wenzake huko chini wakaanguka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Akanieleza polepole, kama mtu anamlisha mgonjwa. "Dhahabu ya hapa ni unga. Ikikutana na mafuta haizami, inaelea kama jani. Umekuwa ukituletea dhahabu yako tangu asubuhi. Hatujawahi kuosha vizuri kama leo."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa unaongea sana."

Halafu akaniambia wao hata karai jipya hawaliingizi mtoni hivi hivi. Wanalichoma kwanza kwa moto mpaka libadilike rangi, halafu wanalisugua na majivu, kutoa mafuta ya kiwandani.

Nikakaa juu ya jiwe. Kwa sababu hilo nililijua. Nilikuwa nimeliona kila jioni nyuma ya karakana yangu, miaka yote ile: mke wangu na moto wa magunzi ya mahindi, karai zangu mpya zimefunikwa juu yake, halafu yeye na majivu, anasugua. Nilikuwa nampigia kelele anajaza moshi. Yeye alikuwa ananijibu kwamba karai la mafundi wengine linanuka mafuta kwenye mboga. Watu walikuwa wanatoka Endebess kuja kununua karai zangu wakiruka mafundi wengine njiani, na mimi nilidhani wanafuata mkunjo.

Maji yalikuwa yanapita. Nilitamani awe pale, si kwa kunisaidia, bali anicheke yeye badala ya wale.

Nilirudi Tuwan nikang'oa mbao zote, nikaweka nyingine kavu zisizo na kitu. Zulia nikatafuta lingine. Bati nikalichoma kwa magunzi, nikalisugua na majivu mpaka mikono ikapasuka. La mchimbaji nikalifanya vivyo hivyo. Tukarudi mtoni, na safari hii akina mama hawakuhama. Nilipata dhahabu. Ukiimwaga kwa kiganja ni kama punje chache za wimbi zilizosagwa vibaya. Nikaitia katika kifuniko cha kalamu, nikafunga na nailoni.

Ijumaa mchana, wakati tajiri wake amelala, mke wangu akapiga simu ya video. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula. Leo niko na kitu. Angalia."

Nikaleta kifuniko karibu na simu.

"Sioni."

Nikasongeza. Kioo kikawa cheusi. Nikarudisha nyuma.

"Naona kidole tu. Na hiyo kucha haijaoshwa."

Nikamweleza. Sanduku, oili, akina mama walivyohama. Akacheka akijiziba mdomo na kitambaa, asimwamshe mtu, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Niliyatazama hayo mabega. Halafu nikasema lile neno.

"Rudi."

Akakishusha kile kitambaa.

"Hiyo dhahabu yako inaweza kuezeka nyumba?"

"Bado."

"Nimeshawajibu, Fundi. Mkataba mmoja tena. Nikija nataka kulala ndani ya nyumba, si kutazama nyasi."

Nikafunga tena ile nailoni kwenye kifuniko. Yeye ndiye aliyeuliza, "Lile bati, ulikunja na nani?"

Nikageuza simu, nikamwonyesha klampu. Akaitazama ilivyokaa pale alipokuwa akisimama yeye.

"Umeichomelea?"

"Kabisa. Hata tingatinga haing'oi."

"Toa weldi," akasema. "Ifunge na nati, iweze kutoka."

Tajiri akaita, simu ikakatika.

Asubuhi nikachukua grainda, nikakata ile weldi, na ilikuwa weldi nzuri, nzuri kuliko zote nimewahi kupiga. Nikatoboa, nikafunga klampu kwa bolti na nati. Hapo ndipo nikapaka oili, nati zisishike kutu. Spana ya saizi yake nimeitundika kwenye msumari karibu. Mafundi wa hapa huja kuniazima kila kitu, nyundo, grainda, mpaka ngazi. Hiyo spana simpi mtu.