Mgonjwa Aliyefunikwa Kanga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka wajukuu hudhani bibi yao keshaanza kuchanganyikiwa. Ni siku majirani wa mtaa wetu wa Mlandege, Unguja mjini, walipokuja kumjulia hali mgonjwa nyumbani kwangu, na mgonjwa mwenyewe alikuwa msumeno.

Zama hizo, miaka ya hamsini, mimi na mume wangu Haji tulikuwa wapya katika ndoa. Haji alikuwa mkata miti, akienda mashamba ya huko Kizimbani kuangusha mikarafuu iliyokufa na mifenesi mizee. Alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho: msumeno wa mota, unaotiwa petroli, ukinguruma kuku wa mtaa mzima hukimbilia uvunguni. Aliununua mkuukuu, ushachoka mikononi mwa watu wengine. Lakini akipenda chongo huita kengeza. Haji aliufuta, aliusemesha, na ukikohoa aliuambia, "Pole." Mimi nilikuwa na mafua mwezi mzima, mwanangu, na pole sikuisikia. Majirani wakaubandika jina la Bi Mdogo, nami nikawa Bi Mkubwa hata hina ya harusi haijafutika.

Basi Bi Mdogo akazimika shambani, katikati ya shina la mfenesi. Haji alivuta kamba mpaka bega likamlegea. Akaupeleka kwa Fundi Sudi, hapo hapo Mlandege, naye akaifungua mota na kutikisa kichwa: pistoni imegandana na silinda, na silinda imekwaruzika vibaya. Kuufufua kunawezekana, alisema, ila silinda na pistoni mpya hazipatikani Unguja, mpaka ziagizwe Ulaya.

Haji akarudi ameukumbatia kifuani. Akaulaza kitandani, naam, kitanda changu cha harusi, akaufunika kanga yangu mpya usiingie vumbi. Kisha akakaa barazani, uso umemshuka. Akapita jirani yetu Bi Riziki, mwanamke mwema, lakini masikio yake yakisikia nusu na mdomo wake ukijaza nusu iliyobaki. Akamuuliza kulikoni.

"Kanizimikia shambani, Bi Riziki," Haji akajibu. "Kafunguliwa, kaonekana ndani keshaharibika. Nimemlaza chumbani."

Bi Riziki akashika kichwa, akaondoka mbio.

Jioni Haji akaniambia, macho chini, "Tuuze cherahani lako. Tukimfufua huyu, nitakununulia jengine zuri zaidi."

Cherahani lile alinipa mama yangu. Mvua ikinyesha Haji asiende shamba, ndilo lililokuwa likitia kitu chunguni. Nilitaka kulia, na nilitaka kumridhisha mume wangu, vyote kwa pamoja. Nikamwambia anipe usiku nifikiri.

Asubuhi nimo jikoni, mwiko mkononi, nasikia hodi. Kutazama, ukumbi umejaa wanawake. Huyu ana bakuli la uji wa pilipili manga, yule ana chetezo cha udi, na wote wameinamisha vichwa. Nyuma yao akaingia mama mkwe wangu, Bi Mize, aliyeletewa habari Bwejuu na watu wa gari la abiria liendalo shamba kwamba mkwewe yu mahututi. Amebeba kuku, machozi yanamtiririka. Aliponiona nimesimama, alipiga ukelele, kuku akamponyoka.

"Kumbe u mzima!"

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa aliyelala chumbani ni nani?"

Bi Riziki akanyoosha kidole. Bi Mize akaingia kwa kunyata, akakaa ukingoni mwa kitanda, akapenyeza mkono chini ya kanga. "Subhanallah," akanong'ona, "keshakuwa wa baridi!" Akafunua. Meno ya chuma yakamchekea.

Mwanangu, sijapata kuona watu wazima wakicheka vile. Uji wa mgonjwa tuliunywa wenyewe. Asiyecheka alikuwa Bi Mize. Nilipokwisha kumweleza habari ya silinda na ya kuuzwa cherahani, alimwita mwanawe, akamkalisha mbele ya wote.

"Sikukatazi kuutengeneza. Nnauliza tu. Ukitia hiyo silinda mpya, vilivyobaki ni vizima?"

"Fundi kasema beringi zinacheza," Haji akajibu polepole. "Na mnyororo umelika."

"Na kilichoiua mota ni nini?"

"Oili ya kuchanganya na petroli ilikuwa haba."

"Oili akitia nani?"

"Mimi, mama. Nikikisia."

"Na wewe fundi keshakutengeneza?"

Ukumbi ukalipuka. Haji akatazama miguu yake. Bi Mize akangoja kicheko kiishe, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Cherahani linakulisheni leo. Silinda bado iko Ulaya."

Haji alinuna mpaka alasiri. Kisha akaubeba msumeno, akamwachia Fundi Sudi autoe vipuri vilivyofaa, akarudi kwenye shoka na msumeno mrefu wa kuvutana watu wawili. Miti iliendelea kuanguka, polepole zaidi. Miaka ikapita akapata msumeno wa mota mwengine, huu mzima, na oili akawa anaipima kwa kikombe changu cha kahawa, ambacho sikukitaka tena.

Na sasa nasema nawe, mwanangu. Kitu chako kikiharibika, usikimbilie kukitupa wala kukifufua. Uliza kwanza kilichokiharibu, maana ukikiacha chanzo, kipya nacho kitakufa kifo kile kile. Kagua na sehemu zisizolalamika. Kikiwa ni kimoja tu kilichokufa, na vyengine vizima, na wewe ushajirekebisha, tengeneza bila hofu. Vikiwa vyote vinatikisika, la kuvunda halina ubani. Na kamwe usiuze kilicho hai ili ukilipie kilichokufa, hasa ikiwa hicho kilicho hai ni cha mkeo.

Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye kazi na jicho la kuona kasoro katika ukipendacho, na nyumba yako ijae wageni wanaokuja kwa heri, hata wakikosea mgonjwa. Amin.