Mzee Wenzo na Treni ya Jumamosi

Mlima wetu umesimama wima mno, treni haiwezi kuupanda moja kwa moja. Inaingia kwenye kipande cha reli kinachoishia mwambani, inasimama, reli zinageuzwa, halafu inaondoka kinyumenyume kwenda juu. Hapo inaposimama ndipo tunapokaa, nyumba chache za watu waliokuwa wafanyakazi wa reli na wajane wao.

Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni Mzee Wenzo. Jina hilo alipewa kazini, maana maisha yake yote alivuta wenzo wa chuma uliokuwa ukigeuza reli. Siku hizi zinageuzwa kwa umeme, na wenzo umepakwa rangi nyekundu ili wageni waupige picha.

"Na mimi wangenipaka basi," husema, "maana nimeshika kutu kuushinda."

Treni ya abiria ilishakufa. Imebaki ya watalii, siku za Jumamosi, mabehewa ya mbao yenye madirisha ya kushusha. Haruhusiwi mtu kushuka hapa kwetu. Mzee Wenzo hutoka na kuwapungia mkono mpaka waondoke. Tangu mkewe aitwe na Mola, na binti yao wa pekee ahamie ng'ambo, sidhani kama wiki nzima husikia sauti nyingine za watu, ukiniondoa mimi na cherehani yangu.

Mwezi uliopita akanigongea ukuta.

"Dada! Anakuja!"

"Nani huyo, kaka?"

"Binti yangu! Anakuja na wenzake wa ofisini, watapanda treni ya Jumamosi."

"Mungu ni mwema! Atalala siku ngapi?"

"Ni safari ya kazi, dada. Wanarudi jioni ileile. Lakini treni si inasimama hapa? Atatoa kichwa dirishani, atawaambia, huyu ndiye baba yangu."

Alichotaka kilikuwa hicho tu. Wala hakutaka zawadi.

Nikampigia pasi shati. Asubuhi ile akaja kunionyesha, amejikata shavuni kwa wembe.

"Koti nivae, nisivae?"

"Vaa, kaka. Kola ya shati imechoka kuliko mimi."

Alicheka kama kijana anayekwenda kuposa. Nikamshikia mfuko wa maparachichi ya mti alioupanda marehemu, tukasimama kando ya reli.

Treni ikaingia. Tukasikia kipaza sauti ndani: "Upande wenu wa kushoto, mzee wetu maarufu wa reli!" Vichwa vikajaa madirishani, simu zimeinuliwa.

"Babu, cheka kidogo!"

"Babu, tuvutie wenzo!"

Yeye anatembea tu, dirisha moja hadi jingine, anachungulia nyuso.

"Jamani, babu anatafuta mchumba!" kijana mmoja akapiga kelele, behewa zima likaangua kicheko.

Kwenye behewa la tatu alikuwepo. Nilimjua kabla hajavua miwani ya jua, ni sura ya mama yake kabisa. Mzee akasimama chini ya dirisha lake, akamwinulia uso. Alikuwa anamwachia mwanawe aanze.

Mwenzake aliyekaa naye akamwegemea begani. "Hebu mwone babu wa watu alivyopendeza na koti lake!"

"Kweli kabisa," akasema binti.

Akainua simu, akampiga picha kama wengine.

Neno moja tu la baba yake lingetosha, na wote wangejua. Nilimwona mzee mdomo ukifunguka. Kisha akaufunga, akatabasamu kwa ajili ya ile picha, akasogea dirisha linalofuata kuwapungia wageni wengine. Treni ilipoanza kurudi nyuma, nikaona vidole vya binti vikipunga chinichini, pembeni ya dirisha, asivione mwenzake.

Nilikuwa bado nimeushika mfuko.

"Yuko salama," Mzee akaniambia. "Amenenepa kidogo."

"Mbona hukumwita, kaka?"

"Yuko kazini, dada. Kula hayo maparachichi, yameshaiva."

Jioni binti akapiga simu. Mzee huongea kwa spika kwa sababu ya masikio yake, nami ukuta wangu ni mwembamba.

"Baba, umetoka vizuri sana kwenye picha! Wenzangu wote wamekupenda."

"Wamenipenda? Kwani uliwaambia mimi nani?"

Nikaacha kukanyaga cherehani.

"Baba, kulikuwa na kelele mno mle ndani."

"Ee, hilo kweli, mama. Yale mabehewa yana kelele sana. Haya, safari njema."

Nilipopiga magoti kusali niliwaombea wote wawili, lakini Mungu anisamehe, kwa binti ulimi ulikuwa mzito.

Jumamosi iliyofuata treni ikapiga honi. Mlango wa jirani haukufunguka. Ikapiga tena. Nikaenda, nikamkuta ameketi kitandani, mikono magotini.

"Kaka, treni imefika."

"Nimeisikia."

"Hutoki?"

"Nikitoka leo nitatazama kila dirisha, dada. Na najua hayumo."

Nikavuta kiti, nikaketi mlangoni. Huko nje wageni walikuwa wanaita, "Babu! Jamani, yuko wapi yule babu?" Tukawasikiliza, hakuna aliyemtazama mwenziwe, mpaka magurudumu yakaanza kusaga kurudi nyuma, kupanda.