Nimepanga chumba cha sementi Kayanga, mama kakiita kaburi

Wakuu, salamu kwenu wote tuliosoma pamoja. Karatasi hii ikikufikia, soma, andika lako chini, mpe mwenzako. Sijaongeza chumvi hata punje, sina muda huo.

Mnajua nimepata kazi ya ukarani wa kupima kahawa hapa Kayanga. Nilikuwa nalala kwa baba mdogo Nyabiyonza, natembea kila siku, nafika kazini nimelowa umande mpaka magotini. Nilichoka.

Nikapata room mtaa wa madukani. First class!

Nyumba ni ya zamani, ya udongo, ila mwenye nyumba kaezua nyasi kaweka bati, kapiga plasta, kapaka chokaa, na chini full sementi. Nje malori ya kahawa, vyerehani, na santuri ya jirani. Wengine wanaita kelele. Mimi nazipenda mno.

Mwenye nyumba ni Ta Leonidas, yaani Bwana Leonidas kwa Kihaya, Mhaya wa Muleba, muuza vitambaa. Mtu mzuri, ila sakafu yake anaipenda kama kitinda mimba. Siku ya kwanza tu kanipa sheria:

"Karani, hapa hakuna kutwanga, hakuna mbuzi, na nyasi za kutandika chini ziache huko huko kwenu Mabira. Hii ni nyumba ya kisasa."

Nikasema sawa, Ta.

Tatizo likawa baba. Akatoa neno moja: mama aje alale usiku mmoja. Akilala, hiyo ni nyumba. Akikataa, narudi kwa baba mdogo. Na kwa baba hakuna rufaa, mnamjua.

Mama akafika Jumamosi alasiri, mkungu wa ndizi kichwani. Nikampa shikamoo, nikamtua mzigo, nikafungua mlango kwa madaha.

Akasimama kizingitini. Akaangalia chini. Akapiga ishara ya msalaba.

"Nani kazikwa humu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hapo ndipo nikaelewa. Kwetu Mabira sementi tunaiona sehemu moja tu, kwenye makaburi ya mapadre. Nyumba ya mtu aliye hai ina nyasi chini, na mgeni akija anatandikiwa mbichi.

"Mama, ni sakafu tu."

"Sakafu ya nani? Hili ni kaburi, na mimi bado napumua. Naenda kulala kwa masista."

Wakuu, nikauona ule umande wa Nyabiyonza unaningoja.

Ta Leonidas kusikia neno kaburi, akatoka dukani mbio, tepu ya kupimia shingoni.

"Mama Karani, sementi hii imetoka Bukoba kwa lori!"

"Hata ya padre ilitoka Bukoba."

"Sisi wote tunalala juu yake!"

"Wewe, Ta, unalala juu yake hivi hivi, tupu?"

Ta akaanza kuikunja tepu yake.

Mke wake, Ma Adelina, alikuwa uani anamenya ndizi. Kisu kikamdondoka kwa kicheko. "Leonidas, mwambie mgeni. Au nifungue mlango?"

Hakungoja jibu, akausukuma. Chumbani kwa mwenye sheria nyasi zimetandikwa ukuta hadi ukuta, mbichi, zinanukia!

"Miguu inapata baridi," Ta akasema, sauti ndogo kabisa.

Mama alicheka mpaka akakaa chini, juu ya sementi ile ile, bila kujijua.

Ta mwenyewe akaenda kuleta mzigo wa nyasi, akanitandikia chumba huku ananikaripia nisivujishe habari mtaani. Mama akalala fofofo, santuri inaimba.

Nilichojifunza: mzazi usimwonyeshe chumba kama unauza. Kwanza mtafutie pa kuweka miguu yake.

Alitakiwa kulala usiku mmoja. Leo Jumatano bado yupo, anamenya ndizi na Ma Adelina, kitanda kachukua yeye, mimi nalala mlangoni.

Nyie mliopanga mjini, wazazi wenu mliwarudishaje nyumbani? Andikeni haraka hapa chini. Baba naye katuma salamu, anasema anakuja kumfuata mkewe, na kafungasha shuka la kulalia.