Mkono wa Ginka Unapanda

Ginka Tasheva aliendesha trolibasi, basi la umeme, mjini Ruse kwa miaka ishirini na miwili, na karibu muda wote huo alikuwa bonge la mama. Kiti cha dereva kilikuwa kimeshachukua umbo lake. Dereva mwingine akikikalia alihisi kama amelala kwenye kitanda cha mtu. Abiria walimpenda kwa sababu alisubiri wazee wapande taratibu na kwa sababu aliimba, tena kwa sauti, na hakujua mwisho wa wimbo hata mmoja.

Siku daktari alipomwambia kwamba sukari imeanza kumla figo, alirudi nyumbani akagawa unga wote kwa majirani. Kesho yake akaanza kutembea ukingoni mwa mto Danube, mvua inyeshe, theluji ianguke. Baada ya miaka miwili kilo arobaini na sita zilikuwa zimekwenda zao. Kilichobaki ni ngozi. Tumboni aliificha, mapajani aliificha, lakini ile ya mikononi ilining'inia kuanzia kwapani hadi kwenye kiwiko, na akimpungia mtu, mkono ulitulia, ngozi ikaendelea kupunga peke yake.

"Shoga, wewe sasa unaaga mara mbili," Vaska alimwambia.

Vaska alikuwa kondakta wake, mwanamke wa mita moja na nusu mwenye mdomo wa mita mbili. Ginka alicheka, lakini usiku ule hakulala vizuri. Mwezi wa Mei alikwenda mji mwingine, kwa daktari mmoja aliyesifiwa sana, akapasuliwa mikono yote miwili ili ngozi ile ipunguzwe.

Bandeji zilipoondolewa, Ginka alijitazama kwenye kioo. Mkono wa kulia ulikuwa umebanwa mpaka ukawa mwembamba kama mpini wa jembe. Wa kushoto ulibaki mnene, na juu ya kiwiko kilibaki kifuko cha ngozi, laini, kama sikio la mbuzi. Hayo angeyavumilia. Lakini miezi ilivyosonga, kovu la kwapa la kulia lilijikunja likawa kamba nene, nyekundu, ngumu, inayouvuta mkono chini kila alipotaka kuuinua. Mkono ulifika usawa wa bega, ukagoma.

Alimpigia simu yule daktari.

"Mama, jifananishe na ulivyokuwa zamani," daktari alisema.

"Zamani mkono wangu ulikuwa unapanda, daktari."

"Utazoea."

Hakuzoea. Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, theluji ikianguka na nusu ya abiria wakiwa na samaki wa sikukuu kwenye mifuko, trolibasi ilikata kona vibaya na pembe zake zikachomoka. Pembe ndivyo wenyewe wanavyoviita vile vyuma viwili virefu vya juu ya paa vinavyoshika nyaya za umeme. Zikichomoka, gari linakufa palepale, na dereva ndiye anayeshuka, anazunguka nyuma, anavuta kamba na kuzirudisha kwenye nyaya moja baada ya nyingine. Ginka alikuwa amefanya kazi hiyo mara elfu. Safari hii alishika kamba, akainua mkono, kovu likamkaba. Akajaribu wa kushoto, lakini mmoja haukutosha.

"Niachie mimi!" Vaska akasema, akarukia kamba. Pembe ile, inayosukumwa juu na springi, ilikuwa na nguvu kuliko yeye. Ilimnyanyua, viatu vyake vikaacha theluji, akabaki ananing'inia huku akipiga kelele, "Nishusheni! Nishusheni, mbwa nyie!" Abiria walicheka mpaka samaki wakadondoka. Mwishowe wanaume wawili walishuka wakaifanya kazi.

Ginka naye alicheka. Kisha akaketi kwenye kiti chake, akafunga kijidirisha cha dereva, akalia mpaka kituo cha mwisho.

Bwana Burdjev, msimamizi wa karakana, hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba dereva asiyeweza kurudisha pembe hawezi kutoka na gari, akampeleka kibandani kuuza tiketi. Humo ndani Ginka akapungua kwa namna ambayo kutembea kote hakukumpunguza. Hakuimba. Agosti, joto la kuyeyusha lami, alivaa blauzi ya mikono mirefu iliyofungwa vifungo.

Lakini kabla ya joto hilo, mwezi wa Machi, Vaska alikuwa ameshamburuta kwa daktari mwingine. Aliitwa Kyoseva, mwanamke mkavu mwenye nywele fupi za mvi, aliyewahi kumrekebisha wifi yake Vaska kovu la moto. Kyoseva alimshika Ginka mkono, akauinua, akaukunja, akalibonyeza kovu kwa kidole gumba mpaka likapauka, akaliachia, likawa jekundu tena.

"Linarekebishika," alisema. "Lakini si leo. Kovu lako halijaiva."

"Liive? Kwani ni tikiti?" Vaska akadakia.

"Tikiti lingeiva kwa miezi mitatu. Hili ni mbishi kama wewe. Nikilikata sasa hivi litarudi na hasira zaidi. Tusubiri mpaka lipauke, lilainike. Tutalichoma sindano za kulituliza, na kila siku lisuguliwe kwa mafuta. Una mume?"

"Ninaye."

"Ana vidole?"

"Kumi, daktari. Ni fundi, lakini bado anavyo vyote."

"Basi apewe kazi." Kisha Kyoseva akaketi, akamtazama usoni. "Mama Ginka, sikiliza vizuri. Sikupi mikono ya msichana wa miaka kumi na minane. Makovu yatakuwepo. Nitakachojaribu kukupa ni mkono unaopanda, na mikono miwili inayofanana kama dada na dada, siyo kama mapacha. Umenielewa?"

Ginka alijisikia mwepesi ghafla, akataka kucheka bila sababu. Hakuna aliyewahi kumwambia kitu kidogo hivyo kwa ukweli hivyo. "Dada na dada wananitosha," alisema. "Hata mabinamu ningekubali."

Lyuben, mumewe, alisugua kovu kila siku kwa karibu mwaka mzima, akiwa amevaa miwani, kwa umakini uleule aliotumia kusugua kutu kwenye ekseli. Kovu lilianza kupauka. Lilikuwa la zambarau, likawa la waridi, kisha likawa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai. Mwishoni mwa Februari Kyoseva alisema, "Sasa."

Asubuhi ya upasuaji alimsimamisha Ginka katikati ya chumba, akamchora mikono kwa kalamu ya buluu. Kwapani alichora alama kama herufi Z, tena mbili, moja juu ya nyingine. Alieleza kwamba kamba ile ikikatwa moja kwa moja itajivuta tena, lakini ikikatwa kwa kukunjakunja, vipande vya ngozi vinabadilishana nafasi na kovu linarefuka. Kwenye mkono wa kushoto alikizungushia mstari kile kifuko cha kiwiko, akachora mstari wa mafuta yatakayonyonywa. Ginka alijitazama akaona amekuwa kama kitambaa mezani kwa fundi cherehani.

"Kipande kikibaki, unishonee kola," alisema.

Hawakumlaza usingizi. Walimpiga ganzi mikononi, wakampa na dawa mshipani ya kumtuliza. Dawa ile wengine inawasinzisha. Ginka ilimfungua kinywa. Daktari hajamaliza mstari wa kwanza, sauti kubwa ikatoka chini ya shuka:

"Kituo kinachofuata, Kwapa! Wanaoshuka Kwapa, sogeeni mlangoni!"

Nesi aliyeshika mkasi akaanza kutetemeka mabega.

"Mama Ginka, tulia," Kyoseva alisema.

"Wewe mwenye barakoa! Umekata tiketi?"

"Nina pasi ya mwezi."

"Ionyeshe!"

"Mikono yangu ina kazi. Nitakuonyesha tukifika Kiwiko, nashuka hapo."

Nesi ikabidi asogee pembeni apumue, na daktari mwenyewe akasimama kidogo na kisu hewani, kwa kuwa huwezi kukata mstari mnyoofu ukiwa unacheka. Ginka aliimba nyimbo tatu, zote nusunusu. Hakukumbuka hata moja. Alisimuliwa kesho yake na wauguzi wa wodi nzima, waliokuja mmoja mmoja kumwona yule mama wa trolibasi. Ilikuwa tarehe mosi Machi, na kila mmoja alimfunga uzi wake mwekundu na mweupe wa kukaribisha majira ya kuchipua. Akatoka hospitali na nyuzi tisa kwenye kifundo kimoja cha mkono, chini ya bandeji.

Siku kumi za mwanzo Lyuben alimlisha supu ya maharage kwa kijiko, akiipuliza mpaka inapoa kabisa. Siku ya kumi na sita ncha moja ya kovu jipya kwapani ikaachia, ikafunguka kidonda cha ukubwa wa punje ya harage. Ginka alipokiona, alimwita Lyuben aje aone.

"Yamerudi yaleyale," alimwambia mumewe. "Nilijua. Mimi mwili wangu haushoneki."

Walikwenda kwa Kyoseva. Daktari alikitazama kidonda, akakisafisha, akasema ncha za namna ile huachia mara nyingi, damu huchelewa kufika pale. "Kitajifunga chenyewe. Nipe wiki tatu. Na usikae unakichungulia kila saa, hakitajifunga kwa aibu."

Kilijifunga kwa wiki mbili na nusu.

Baada ya hapo yakaja mazoezi. Ginka alisimama kando ya ukuta wa jikoni, akatembeza vidole kwenda juu kama buibui, na pale vilipoishia Lyuben akapiga mstari wa penseli na kuandika tarehe. Wiki ya kwanza vidole viliishia chini ya swichi ya taa. Vikaipita. Vikafika kalenda, vikapanda picha ya mwezi, vikafika usawa wa juu ya friji. Maumivu yalikuwepo, ya kuvuta, ya kuchoma, lakini mkono haukuwa unagoma tena, ulikuwa unabishana tu. Jumatano moja Lyuben alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe amekaa sakafuni, chupa ya lyutenitsa katikati ya miguu, mdomo mwekundu kwa pilipili na nyanya.

"Ilikuwa rafu ya juu," Lyuben alisema.

"Ndiyo."

"Nani kakushushia?"

Ginka akainua mkono wa kulia, wote, sikio likagusana na bega. Lyuben akamtazama, akatazama rafu, akachukua kijiko akakaa naye sakafuni. Wakaimaliza chupa bila mkate.

Katikati ya Mei Bwana Burdjev alimwita karakana kwa jaribio. Alitoka na daftari na sura ya hakimu. Mafundi wakatokea kwenye mlango, Vaska akiwa mbele yao wote ingawa siku hiyo alikuwa likizo. Ginka alizunguka nyuma ya gari, akashika kamba ya kwanza, akavuta, pembe ikashuka ikitikisika. Akailenga kwenye waya. Akakosa. Cheche zikaruka, mtu akashtuka kwa sauti. Akavuta pumzi, akalenga tena, tak, ikakaa. Ya pili ikakaa mara moja, na ndani ya gari taa zikawaka.

"Vizuri," Burdjev alisema, akiandika. "Inatosha."

Ginka hakumsikia. Alikuwa ameshazichomoa tena pembe zote mbili, anazirudisha. Akazichomoa. Akazirudisha. Alikuwa anacheka, kofia imemwanguka, mikono yote miwili juu, na mikono ya shati imeteremka mpaka mabegani, makovu yote nje kwenye jua, na wala hakuwa na habari nayo.

"Ginka! Hilo ni gari la manispaa, siyo mwanasesere!"

"Mara moja tu, Bwana Burdjev! Hii ya mwisho, naapa!"

"Ulisema hivyo mara mbili zilizopita."

"Mwache achezee, wewe!" Vaska akafoka. "Kwani umeme unaulipa wewe?"

Burdjev akafunga daftari. Wale waliokuwa karibu wanasema alikuwa anauma mdomo asicheke.

Jumatatu iliyofuata Ginka alirudi barabarani na blauzi ya njano isiyo na mikono, aliyoinunua kwa pupa hata bila kuijaribu, ikambana kidogo kifuani. Mkono wa kushoto bado ulikuwa mnene kidogo kuliko wa kulia, kama ukiutazama kwa makini. Alikuwa na makovu mawili marefu ya rangi ya waridi, na kwapani mistari iliyopinda. Msichana mmoja aliyekaa kiti cha mbele aliyatazama, akaona aibu, akageuza uso.

"Uliza tu, mwanangu," Ginka alisema. "Nilishonwa vibaya, nikafumuliwa, nikashonwa vizuri."

Akaanza kuimba. Aliimba kwa raha kiasi kwamba alipita kituo cha sokoni bila kusimama, na nyuma ikalipuka sauti ya Bibi Nedelya, mwenye sanduku la miche ya nyanya magotini: "We dereva! Unanivusha mto unipeleke Romania?"

Ginka akafunga breki penye nafasi, akashuka, akazunguka mlango wa kati, akalipokea lile sanduku akalinyanyua juu ya vichwa vya watu waliokuwa wanasukumana kutoka, akalibeba hivyohivyo mita zote mia mbili kurudi sokoni, huku bibi akimfuata akimgombeza na gari zima likimsubiri, na Vaska dirishani akipiga makofi. Bibi Nedelya aligomba mpaka mwisho. Kisha akatenga miche miwili iliyonona, akaifunga kwenye gazeti, akamtupia.

"Chukua, kichaa wewe. Na uifungie kwenye kijiti, inarefuka hiyo."