Prosesa Ambayo Bado Haijatoka

Fundi wa kompyuta hagusi prosesa, ule ubongo wa mashine, kabla ya kujifuta vidole kwenye pindo la shati, kisha huishika kingoni kama kifaranga. Sauti yake ni ndogo, lakini akizungumzia mipango ya watengenezaji huongea kama aliyekaa nao kikaoni. Siku moja shemeji yake, mhariri wa filamu, alikuja dukani kwake mbio na kompyuta mkononi: prosesa yake imeungua, na kazi ya watu inatakiwa Ijumaa. Akaitaka ile kubwa, yenye nguvu kuliko zote.

"Usinunue, shemeji. Watengenezaji wana kubwa zaidi wameificha, wanamvizia mpinzani wao atangulie kutoa yake."

"Wamekupigia simu?"

"Tazama ubao wao mpya wa kuipachika, unavyobeba umeme mwingi. Mtu hajengi geti la lori apitishe baiskeli."

"Na wasipoitoa? Aibu ya Ijumaa utanibebea wewe?"

Fundi aligeukia meza yake. Alizima kompyuta yake ya mezani, akaifungua, akachomoa prosesa yake mwenyewe na kuipachika kwenye ya shemeji.

"Tumia hii mpaka waitoe."

"Na wewe je?"

"Mimi nasubiri."

Akaifunika kompyuta yake kwa kitambaa, akamwita mteja mwingine.