Mwenyekiti, Gobori na Sufuria ya Shira

Bwana Abdulwakil wa Kenton alikuwa mtu wa tahadhari. Katika jumuiya ya Wazanzibari wa upande ule wa London, ambayo yeye alikuwa mwenyekiti wake kwa muhula wa tatu, hakuna sahani iliyofika mezani bila kijikaratasi chenye hati yake nzuri ya ukarani: hii ina karanga, hii ina maziwa, hii ina ngano. Wenye ulimi mkali walisema kwamba angepewa maji ya zamzam, nayo angeyabandika karatasi. Wenye adabu walikubali kuwa ni kweli, ila wakaomba asiambiwe.

Mtu huyu, alipostaafu kazi ya halmashauri, alianza kuyeyusha madini ya risasi katika kibanda cha bustani yake.

Chanzo cha jambo hilo kina riwaya mbili. Mwenyewe husema ni kumuenzi babu yake wa Pemba, aliyekuwa na gobori. Katika masimulizi ya mwanzo gobori hilo lilifukuza nguruwe mwitu shambani. Baada ya miaka michache lilikuwa limekwisha kuua chui, mnyama ambaye wazee wa Pemba hawakumbuki kumwona. Mkewe, Bi Kijakazi, husema chanzo ni kukosa kazi. Riwaya ya pili ina mashahidi wengi zaidi.

Aliyemtia njiani ni jirani yao Douglas, fundi bomba mstaafu, aliyempeleka kwenye klabu ya watu wanaopiga magobori ya kale kwa kibali cha polisi. Huko wazee wa Kiingereza hushindilia baruti kwa utaratibu wa ibada, hupiga, hupotelewa na shabaha ndani ya moshi, kisha hunywa chai. Abdulwakil alipenda utaratibu na alipenda chai. Kupiga hakukuwa fungu lake. Karatasi ya shabaha aliyowekewa ilirudi nyumbani nzima, ikafaa kufungia vitu.

Lakini katika kusubu risasi, hapo alikuwa bwana. Aliyeyusha vipande vya mabomba makuukuu ya risasi aliyopewa na Douglas, akayachota kwa upawa, akayamimina ndani ya kalibu, akasubiri, akaifungua. Risasi iliangukia kitambaa ikiwa duara mfano wa goroli, inang'aa kama mwezi uliooshwa. Kila moja aliichungulia kwa kioo cha kukuzia. Yenye kunyanzi au mkia ilirudi motoni. Zilizofaulu aliziweka ndani ya chupa, na alizionea huruma mno kuzipiga.

Tahadhari zake zilikuwa kamili: glavu, barakoa, mlango wazi, nguo za kazi zikifuliwa mbali. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ni sufuria. Alihitaji chombo kizito kinachoshika moto sawasawa, na nyumba nzima kilikuwamo kimoja: sufuria ya chuma ya kupikia shira ya sukari, ambayo Bi Kijakazi aliachiwa na marehemu mama yake. Aliichukua wakati mkewe amekwenda Unguja kusalimia. Bi Kijakazi aliporudi akaikosa, mumewe alimsaidia kuitafuta kwa moyo mmoja, hata chini ya kitanda, kisha akatoa rai kwamba huenda ilipotelea uwanja wa ndege.

Ikaja Ramadhani, na Jumamosi ya iftari ya jumuiya. Asubuhi Bi Kijakazi aliingia kibandani kutafuta viti vya kukunja, akaiona sufuria ya mama yake imefunikwa kifudifudi, tupu. Hakumwita mtu, wala haikumpitia kwamba ndimo risasi huyeyushwa. Aliisugua kwa steliwaya mpaka mkono ukamuuma, akaitia ndani ya kikapu, akaelekea ukumbini.

Jioni Abdulwakil aliingia jikoni mwa ukumbi na karatasi zake na kalamu. Mfukoni alikuwa na hotuba juu ya usalama wa chakula. Kwenye jiko la mwisho iliketi sufuria, na ndani yake shira ikichemka kwa hiliki na zafarani.

"Mama Miska," alisema polepole, "hiyo umeitoa wapi?"

"Uwanja wa ndege," alijibu Bi Kijakazi bila kugeuka. "Kumbe wameufungua kibandani kwako."

Kulikuwa na watu mia ukumbini, na watoto wamekwisha kukaa karibu na mahali ambapo kaimati, vile vidonge vya unga vya kukaanga na kuvikwa shira, zingewekwa. Akisema kweli, yeye ni mwizi wa sufuria ya mkwewe, na ni mwenyekiti wa tahadhari aliyekaribia kuwalisha watu sumu. Akinyamaza, wataila. Akatafuta njia ya tatu.

"Mbwa wa Douglas aliilamba," akasema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Alikuwa na funga yake, na funga ikamsikia.

Bi Malak, mkuu wa jikoni, hakupoteza neno. Shira ikamwagwa. Abdulwakil akashusha pumzi.

"Sasa ioshwe mara saba, moja kwa udongo," Bi Malak akaamuru. "Miska mwanangu, chota pale kwenye maua ya mlangoni."

Miska, binti yao anayesoma chuo kikuu, alijibu kwa Kiingereza kwamba maua yale ni mali ya ukumbi, kisha akauleta udongo ndani ya kikombe.

"Itupwe tu," alisema Abdulwakil.

"Mbwa kailamba, hakuitoboa. Sheria imetoa njia, mwenyekiti ataka kutupa mali ya watu?"

"Sufuria ya mama yangu haitupwi kwa ulimi wa mbwa," aliongeza Bi Kijakazi.

Ikaoshwa. Abdulwakil alisimama akiangalia kila josho kama mshitakiwa anayesikiliza mashahidi. Alijua kwamba twahara ina hukumu yake na sumu ina hukumu yake, na risasi haijui kuhesabu hadi saba.

"Sasa imetakasika kutushinda sisi," alisema Bi Malak, akamimina sukari mpya.

Ukumbini walimwita mwenyekiti kwenye kipaza sauti. Shira ilianza kutoa povu. Kwa mazoea alichukua karatasi akaandika: ina sukari, hiliki, zafarani. Kalamu ikasimama. Katika maisha yake hakuwahi kubandika karatasi pungufu.

"Hakuna mbwa," akasema. "Sufuria hiyo mimi nayeyushia risasi. Mwaka wa pili huu. Hiyo shira isiliwe."

Bi Malak akautoa mwiko ndani ya shira.

"Risasi za kupigia watu?" aliuliza Bi Malak.

"Za kupigia karatasi."

"Na haipati," alisema Bi Kijakazi. Alizima jiko. Aliitazama sufuria, wala hakuigusa. "Na ukanisaidia kuitafuta."

"Nilikusaidia."

"Chini ya kitanda."

"Hata chini ya kitanda."

Shira ya pili ikamfuata mwenziwe. Hotuba ya usalama haikusomwa. Mwenyekiti alisema tu kwamba kaimati za leo ni kavu na sababu ni yeye, kisha adhana ikamwokoa. Watu walifuturu kwa tende.

Uenyekiti hawakumvua, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kushika funguo za ukumbi. Sufuria ilirudi kibandani, na Bi Kijakazi aliipiga rangi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe, akakaa siku kadhaa bila kusema na mumewe isipokuwa kwa daku. Hukumu ilitoka kwa Bi Malak: hadi mwisho wa Ramadhani, kaimati zote atazikaanga mwenyekiti.

Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya karai, amevaa aproni, kioo cha kukuzia shingoni. Kila kaimati iliyoiva aliinua kwenye mwanga. Yenye mkia aliiweka kando. Yenye kibonyeo aliiweka kando. Adhana ilipokaribia, sahani ya kando ilikuwa mlima, na sahani ya kupeleka mezani ilikuwa na kaimati kiganja kimoja, duara zisizo na dosari.

Bi Malak aliuchukua ule mlima akaumwagia shira.

"Baba Miska," alisema, "hizi zinaliwa. Hazipigwi."